Kompyuta imesema 0.77, mume wangu hataki kusikia jingine

BARUA

Shikamoo mama.

Nakuandikia kutoka Uingereza, mji mmoja wa kaskazini wenye vilima vingi. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, huku tuna miaka 19 sasa. Yeye ana miaka 57, mimi 51, na mtoto wetu wa mwisho bado yuko sekondari. Naomba unisome taratibu, maana jambo langu lina mafundo na hapa sina wa kumwambia. Waswahili wa mji huu tunajuana wote. Ukikohoa Jumatatu, Jumatano umeshaletewa tangawizi.

Mwezi wa pili baba watoto alianza kubanwa na kifua akipandisha kilima cha kutoka kituo cha basi hadi nyumbani. Akisimama, kifua kinaachia. Akasema ni gesi. Akaacha maharage, akanywa maji ya ndimu, hali ikawa ileile. Nilimsukuma mpaka akaenda kwa daktari wa familia, naye akampeleka kliniki ya moyo hospitalini. Huko alipigwa skani ya CT. Alipewa kidonge cha kupunguza mapigo, akapuliziwa dawa chini ya ulimi, akadungwa ile dawa ya kung'arisha mishipa inayokufanya uhisi joto kama umejikojolea. Ameapa hakujikojolea.

Kilichofuata ndicho kilichotuchanganya. Daktari alisema mshipa mmoja, ule unaoshuka mbele ya moyo, una mahali palipobana, lakini kwa kutazama tu hawezi kujua kama pale damu inazuilika kweli. Kwa hiyo picha zikatumwa California, kwenye kompyuta, ikatengenezwa mishipa ya moyo wake humo ndani ya mashine na damu ikapitishwa kwa hesabu. Jibu likarudi: 0.77. Tukaambiwa kuanzia 0.80 kushuka chini huenda damu haifiki inavyotakiwa. Kwenye skrini ulionekana kama mti wa matawi ya buluu, na tawi moja linaanza buluu, linageuka kijani, linakuwa njano, mwishoni jekundu. Mume wangu akaomba alipige picha kwa simu yake, akaruhusiwa.

Mama, ile picha imekuwa kama picha ya mjukuu. Kila mgeni anayekuja kunywa chai anaonyeshwa. "Tazama hapa, pekundu. Hapa ndipo pameziba."

Mimi nilidhani tutapewa tarehe ya kuwekewa stenti, kile kibomba cha waya kinachopanua mshipa uliobana. Daktari akasema tuanze na dawa, tukutane baada ya wiki 8. Tukatoka na aspirini, statini (dawa ya kushusha mafuta ya damu), kidonge cha kutuliza mapigo na ile ya kupuliza chini ya ulimi. Mume wangu alinuna njia nzima. Ndani ya gari akasema, "Kompyuta imesema pekundu, mtu anasema subiri. Nimsikilize nani?"

Shemeji yangu aliyeko Tanga ndiye anayechochea moto. Kila asubuhi inaingia sauti ya WhatsApp. "Hao wanabana pesa, kaka. Ungekuwa mwenzao wangekuwekea siku ileile. Njoo Dar, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete stenti wanaweka." Mume wangu ameshaulizia nauli.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Mume wangu ni dereva wa basi. Hospitali hawajui. Aliulizwa kazi, akajibu "naendesha", daktari akaandika, mazungumzo yakaendelea. Kazini nako habari ya moyo hawaijui. Ana mgongo wake wa siku nyingi, ni kweli, na karatasi ya likizo ya ugonjwa imeandikwa mgongo. Daktari wa familia huku hubadilika kila ukienda, hakuna aliyeunganisha. Likizo inaisha mwisho wa mwezi ujao. Anachoogopa ni leseni ya basi. Hesabu yake ni kwamba awekewe stenti upesi, kizibo kiondoke, arudi kwenye usukani na asimwambie mtu yeyote.

Na lingine. Kule kliniki aliulizwa maumivu yanakuja mara ngapi. Akasema, "Mara mojamoja, nikipanda kilima." Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, nikanyamaza. Ukweli ni kwamba kwa wiki mbili hizi anasimama katikati ya ngazi za nyumbani kwetu, ngazi 13 tu, akajifanya anatafuta simu mfukoni.

Nikimwambia daktari, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele za watu. Nikinyamaza, usingizi sipati. Na hata hili la stenti sijui nisimame upande gani. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, hesabu za kompyuta sikusomea. Ninachojua ni kwamba mashine haina sababu ya kudanganya. Wenye sababu ni watu. Je, nimuunge mkono tuidai stenti? Twende Dar? Au nikae na hizo wiki 8 na siri zangu?

Mke wa Dereva

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na zile ngazi 13, maana haziwezi kungoja mwisho wa barua. Maumivu yaliyokuwa yanakuja kilimani sasa yanakuja ndani ya nyumba. Hayo ni mabadiliko, na kliniki inatakiwa kuyajua sasa hivi, leo au kesho asubuhi. Yakimkamata, akae, apulize dawa chini ya ulimi, asubiri dakika 5. Yasipoachia apulize tena, na zikipita dakika 5 nyingine bado yapo, piga simu ya dharura, 999, wala usikubali kuambiwa ni gesi. Yakimjia amekaa tu au amelala usingizini, ni hospitali siku hiyohiyo hata kama yamepoa yenyewe. Haya mengine tutayazungumza polepole.

Mimi si daktari. Barua yako nimeisoma peke yangu mara mbili, kisha nikamsomea daktari wa moyo anayenisaidia yanapokuja mambo ya aina hii, bila jina na bila mji. Ya kitabibu nimeyapata kwake. Mengine ni yangu, na makosa ni yangu.

Umeniuliza umsikilize nani, kompyuta au daktari. Lakini nikiifuatilia barua yako naona watu wanne, kila mmoja ana kipande chake: kompyuta ina umbo la mshipa, daktari ana maneno aliyoambiwa, mumeo ana hofu ya leseni, na wewe una ngazi 13. Hakuna aliyeviona vipande vyote pamoja isipokuwa wewe. Ndiyo maana hulali.

Tuichukue kompyuta kwanza. Unasema mashine haina sababu ya kudanganya, na mimi nakubali. Ila mashine hujibu swali ililoulizwa, na lile waliloiuliza ni dogo kuliko mnavyodhani. Kabla ya kompyuta palikuwa na waya. Miaka ya 1990 madaktari Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji walianza kupitisha ndani ya mshipa wa moyo waya mwembamba wenye kipimo cha msukumo wa damu. Wakalinganisha msukumo kabla ya mahali palipobana na msukumo baada yake. Ukipata 0.80 maana yake ni kwamba katika msukumo wa 100 unaoingia, 80 ndio unaovuka. Mwaka 2009 yakatoka matokeo ya utafiti uitwao FAME, wenye wagonjwa 1,005: waliowekewa stenti kwa kufuata waya walipata stenti chache zaidi, na mwaka mmoja baadaye walikuwa salama zaidi kuliko waliowekewa kwa jicho la daktari peke yake. Tangu hapo namba hiyo ikapata heshima yake.

Kompyuta inajaribu kuotea namba ya waya bila kumwingiza mtu waya. Teknolojia ya HeartFlow, iliyochipuka Chuo Kikuu cha Stanford, ilipata kibali Marekani mwaka 2014, na mwaka 2017 NICE, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza, ikaipendekeza itumike. Si mchezo wa kitoto. Inachukua umbo la mishipa kutoka kwenye skani, kisha inatumia milinganyo ya Navier na Stokes, wanahisabati wa karne ya 19, ileile inayotumika kuhesabu mwendo wa maji na hewa. Lakini kuna mambo ambayo skani haiyaoni. Kiasi cha damu ambacho moyo unahitaji, kompyuta inakikadiria kwa ukubwa wa msuli wake. Namna vile vimishipa vidogo kabisa vinavyofunguka moyo unapofanya kazi ngumu, inachukulia vinafunguka kama vya watu wengi. Umbo ni la mumeo, hilo halina ubishi. Lakini hapo kwenye kukadiria na kuchukulia anaacha kidogo kuwa yeye, anakuwa mtu wa wastani.

Kwa namba iliyo mbali na mpaka hilo halisumbui sana. Ikija 0.95, au ikija 0.55, kompyuta na waya hukubaliana mara nyingi. Ya mumeo ni 0.77. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya tafiti zilizolinganisha viwili hivyo, ukaona kwamba kati ya 0.70 na 0.80 kompyuta ilipatana na waya takriban nusu ya safari tu. Kwa eneo hilo si mbali sana na kurusha shilingi.

Halafu kuna neno lako moja limenikaa. Umeandika kwamba tawi linaanza buluu, linageuka kijani, njano, "mwishoni" jekundu. Tanga tumekua na bomba la mtaa. Maji yakitoka kwenye tangi, nyumba ya kwanza inapata kwa nguvu na nyumba ya mwisho inapata ya kudondoka, na huenda bomba halina kasoro popote, ni umbali tu. Mishipa ya moyo nayo iko hivyo: msukumo hupungua kidogokidogo kadiri unavyoelekea ncha. Kwa hiyo madaktari wengi hupenda kuisoma namba sentimita 2 hivi baada ya mahali palipobana, kuliko kuisoma kule mkiani. Kama 0.77 ni ya mkiani, na baada tu ya pale palipobana ilikuwa, tuseme, 0.84, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kama inashuka ghafla palepale, ni habari nyingine pia. Sijui ya mumeo ni ipi. Swali la kwenda nalo kliniki ni hilo: "Hii 0.77 imesomwa wapi?" Mumeo ataipenda kazi ya kuuliza swali hilo, maana picha anayo tayari.

Sasa shemeji yako na hoja ya kubana pesa. Sitamcheka. Watu wetu wengi huku ughaibuni wamewahi kukaa kwenye vyumba vya kungojea wakihisi hawasikilizwi, na hisia hiyo haizuki hewani. Lakini dawa kwanza si tiba ya maskini. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao ISCHEMIA, wagonjwa 5,179 katika nchi 37, watu ambao damu ya moyo ilikuwa inapungua kweli na si kwa wasiwasi. Nusu walipelekwa mapema kwenye stenti au upasuaji pamoja na dawa, nusu wakaanza na dawa peke yake. Katika miaka kama mitatu waliyofuatiliwa, kwa waliotangulizwa kwenye stenti au upasuaji vifo na mashambulio ya moyo havikupungua kwa jumla. Walichopata, hasa waliokuwa wakiumwa mara kwa mara, ni nafuu ya maumivu. Statini na aspirini zinafanya kazi kwenye mishipa yote. Stenti inafungua sentimita mbili tatu za mshipa mmoja.

Ila utafiti ule haukuwachukua watu wote. Wenye tatizo kwenye shina kuu la kushoto la mishipa ya moyo waliachwa nje, na waliokuwa wakiumwa kiasi cha kushindwa kuvumilia waliachwa nje. Ulikuwa utafiti wa watu waliotulia. Na hapo, mwanangu, ndipo ninaporudi kwenye kile kiti ulichokalia kliniki. Daktari naye alitengeneza mfano wa mumeo, kichwani mwake, kwa yale aliyopewa. Aliambiwa ni mtu anayebanwa mara mojamoja kilimani, na kazi yake "anaendesha". Kwa mtu huyo, dawa na wiki 8 ni ushauri wenye mantiki nzuri tu. Tatizo ni kwamba mtu huyo si yule anayetafuta simu katikati ya ngazi.

Stenti nayo tuipe haki yake. Mwaka 2023 kulitoka utafiti uitwao ORBITA-2, wagonjwa 301 wa hapohapo Uingereza, wote wakiwa wameachishwa dawa za kutuliza maumivu ya moyo. Baadhi waliwekewa stenti, wengine walilazwa vilevile, wakalegezwa kwa dawa vilevile, wasiwekewe kitu, na hawakuambiwa. Waliowekewa walipata nafuu ya kweli, si ya kujidanganya. Lakini hebu mweleze mumeo namba hizi: waliobaki bila maumivu kabisa walikuwa kama 40 katika 100 kwa waliowekewa, na 15 katika 100 kwa wasiowekewa. Maana yake wengi waliowekewa bado kifua kiliwakumbusha mara nyingine. Yeye anafikiria fundi bomba, anazibua na kuondoka. Baada ya stenti kuna vidonge viwili vya kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa miezi 6, kisha kimoja kwa muda mrefu, na statini palepale. Kuvuja damu ni hatari ya kweli. Wakati wa kuweka yenyewe pia kuna hatari ndogo ya shambulio la moyo au kiharusi. Ni ndogo, lakini atie saini akijua.

Katikati ya dawa na stenti kuna njia ambayo hakuna aliyewatajia: ule waya wenyewe. Mtu akiingizwa mrija kwa mkononi, daktari anaweza kupima msukumo papo hapo na kujua kama 0.77 ya kompyuta ni 0.77 ya mwili, na kama inafaa, stenti ikawekwa siku hiyohiyo. Si kila mtu anastahili kupelekwa huko mara moja. Lakini daktari wangu aliniambia hivi: angekuwa na mgonjwa ambaye maumivu yanaongezeka, na ambaye kazi yake haiwezi kufanyika mpaka kifua kitulie, angeifikiria njia hiyo mapema kuliko wiki 8. Unaona ninakoelekea. Yale anayoyaficha ili apate stenti huenda ndiyo hasa yangemfikisha pale anapopataka.

Leseni sasa. Nimepitia kanuni za DVLA, mamlaka ya leseni za udereva ya Uingereza, kwa madereva wa basi na malori, kwa sababu mpango wote wa mumeo umesimama juu ya dhana kwamba stenti inampitisha kando yake. Haimpitishi. Mwenye leseni ya basi akipata maumivu ya moyo anatakiwa kuacha kuendesha basi na kuwaarifu. Akiwekewa stenti, vilevile anaacha na kuwaarifu. Kwa njia zote mbili kuna angalau wiki 6, kisha apite kipimo kama kile cha kutembea kwenye mashine inayopanda, dakika 9 kwa utaratibu wa kipimo uitwao Bruce, ndipo arudi, kama maumivu hayapo. Anayenyamaza anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na ikitokea ajali akiwa kwenye usukani anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo dawa zikimtuliza anarudi kwa mlango uleule wa stenti. Nadhani hilo hajaambiwa na mtu. Huenda anaamini leseni ikipokonywa imekwenda moja kwa moja, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya amwone daktari kama trafiki.

Dar nayo siipuuzi. Taasisi ile inafanya kazi kubwa na wengi wamerudi nyumbani wakitembea. Lakini kumpandisha ndege mtu ambaye kifua kimeanza kumsimamisha kwenye ngazi, kabla daktari hajajua, ni jambo la kumwogopesha yeyote. Na stenti ikiwekwa Dar, DVLA wanatakiwa kuarifiwa kama ingewekwa mtaa wa pili. Kama shaka ni juu ya daktari mmoja, mumeo anaweza kuomba maoni ya daktari wa pili hukohuko.

Nimebaki na wewe. Unasema ukisema utakuwa umemvua nguo. Hebu nikuulize: mtu anayejifanya anatafuta simu kwenye ngazi zilezile kila siku, mbele ya mke aliyeishi naye miaka yote hiyo, kweli unadhani hajui kama unaona? Mimi naona kama nyote wawili mnaijua siri na kila mmoja anamhifadhia mwenzake. Wanaume wengine husubiri waulizwe ili wasionekane wamelalamika. Simjui wa kwako, wewe unamjua.

Unaweza kumwambia yeye kwanza. Huenda ndani ya gari ni pahali pazuri, maana huko ndiko alikosema yake, na hamtazamani usoni. Ukimwambia, "Mimi nimeziona ngazi," huna haja ya kutaja leseni siku hiyo. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kushusha pumzi. Unaweza kumwomba akuruhusu wewe ndiye ueleze kliniki, yeye akae tu, kama mtu anayemwachia mkewe ugomvi wa dukani. Na akikataa yote, unaweza kuwapigia simu wauguzi wa kliniki peke yako. Wao hawataweza kukueleza habari zake, lakini kukusikiliza wanaweza. Hapo kuna gharama, nisikufiche. Unachowaambia huandikwa, na mgonjwa ana haki ya kuliona faili lake. Ukipita njia hiyo, pita ukijua ipo siku atajua, na pengine ni heri umwambie mwenyewe jioni ileile. Daktari wangu anaona ngazi zile zinatosha kuipiga simu hiyo hata akinuna. Mimi simo ndani ya ndoa yako. Najua tu kwamba likizo ina tarehe ya mwisho, na basi lina abiria.

Kuhusu riziki, msihesabu kwa gizani. Malipo ya ugonjwa ya kisheria yanaweza kufika wiki 28, mtazame amekula ngapi. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, aanzie huko kabla ya kwenda kwa mwajiri, aeleze mgongo na moyo vyote, wamwelekeze namna ya kusema. Wapo madereva wanaopewa kazi ya depo au ya ofisini kwa muda. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 humtaka mwajiri atafute marekebisho ya busara pale ugonjwa unapofikia kuhesabiwa ulemavu, na chama ndicho kitakachomwambia kama wake umefika. Siahidi kitu hapo.

Na ile picha usimfanyie kejeli. Mtu aliyetishwa na mwili wake amepata kitu cha kuonyesha wageni. Jioni moja, wageni wakishaondoka na kabla hajaifunga simu, kaa karibu naye umwombe akuonyeshe tena lile jekundu. Akishakuonyesha, mwombe aweke kidole kwenye kifua chake, pale panapobana anapofika ngazi ya saba.